Kesi ya Bibi Modeste: ukoo wa Lippe dhidi ya Kaizari, 1895–1905

Tarehe 20 Machi 1895 alifariki Woldemar, mtawala wa Lippe, bila kuacha mtoto. Kiti kikaenda kwa ndugu yake Alexander, kama sheria ilivyotaka. Lakini Alexander alikuwa mgonjwa wa akili. Aliishi katika hospitali ya St. Gilgenberg karibu na Bayreuth, mbali na nchi yake, na hakuna aliyetegemea kwamba siku moja angetoka huko akatawale, seuze kuoa na kupata mrithi. Lippe ikabaki na mtawala wa jina tu. Ikabidi apatikane kaimu wa kuendesha mambo, na kila mtu alijua kwamba atakayeupata ukaimu leo ndiye atakayekuwa karibu zaidi na kiti siku Alexander atakapofumba macho.

Ugomvi uliotokana na hapo ulidumu miaka 10. Ulipita kwa mfalme wa Saxony, kwa majaji wakubwa wa Leipzig mara mbili, kwa bunge la Detmold na kwa Baraza la Shirikisho la Berlin, na ulimfanya Kaizari Wilhelm II aumbuke mbele ya Ujerumani nzima. Kwenye makaratasi, jambo lililobishaniwa lilikuwa moja: mwanamke aliyeitwa Modeste von Unruh, aliyeolewa mwaka 1803 na ambaye alikuwa kaburini kwa miongo minne, alikuwa kufu ya mumewe au hakuwa?

Tuanze na mahali penyewe. Lippe ilikuwa nchi ya vilima na misitu kaskazini-magharibi mwa Ujerumani, yenye kilomita za mraba 1,215, ndogo kuliko kisiwa cha Unguja. Mji mkuu ulikuwa Detmold. Mwaka 1905 ilikuwa na watu wapatao 145,000. Ardhi haikuwatosha, na maelfu ya wanaume waliondoka kila masika kwenda kufyatua matofali kaskazini mwa Ujerumani, Uholanzi na kwingineko, wakarudi nyumbani msimu wa baridi. Kwenye ramani ya Dola ya Ujerumani iliyoundwa 1871 nchi kama hii ilikuwa kidoa tu, lakini ni kidoa chenye haki zake. Dola ile ilikuwa shirikisho la nchi 25. Prussia ilikuwa na kura 17 katika Baraza la Shirikisho, Lippe ilikuwa na kura moja, na kura hiyo moja ilikuwa yake kikatiba.

Ukoo wenyewe ni wa kale. Jina la Bernhard wa Lippe linaonekana kwenye hati mwaka 1123. Bernhard wa pili, aliyeanzisha miji ya Lippstadt na Lemgo, alipigana vita nusu ya maisha yake, kisha akavaa joho la utawa na kufa 1224 akiwa askofu huko Baltiki. Vizazi vilivyofuata havina mengi ya kutusimamisha hadi tumfikie Simon VI, aliyeileta Lippe kwenye madhehebu ya Kalvini mwaka 1605 na kugombana kwa miaka na watu wa Lemgo waliokataa kuacha Ulutheri. Simon alikufa 1613, na wanawe wakagawana urithi. Hapo ndipo mbegu ya kesi yetu ilipopandwa.

Msomaji anivumilie kidogo kwenye nasaba, maana bila hiyo kesi haieleweki. Mwana mkubwa, Simon VII, alibaki Detmold. Mwana mwingine, Philipp, ndiye chimbuko la tawi la Schaumburg-Lippe, ambalo baadaye lilipata nchi yake ndogo zaidi, kilomita za mraba 340, yenye makao Bückeburg. Kisha ndani ya kizazi cha Simon VII likachipuka tawi jingine, la Biesterfeld, na kutoka Biesterfeld likatoka la Weissenfeld. Watu wa matawi haya mawili hawakuwa na nchi. Walikuwa na cheo cha kikabaila cha Graf, mali ya wastani, na kazi za jeshi. Lakini kwa hesabu ya damu walikuwa karibu na Detmold kuliko Schaumburg, kwa sababu wao ni wa Simon VII na Schaumburg ni wa mdogo wake. Tawi la Detmold likizimika, zamu ni ya Biesterfeld, kisha Weissenfeld, kisha ndipo Bückeburg. Ili Bückeburg iruke foleni, ilibidi ithibitishe kwamba waliotangulia wote wametiwa doa.

Kabla ya kuingia mahakamani, kuna mwanamke mmoja wa Detmold asiyestahili kupitwa. Pauline, aliyezaliwa katika ukoo wa Anhalt-Bernburg, alifiwa na mumewe 1802 na kushika ukaimu kwa niaba ya mwanawe mdogo hadi 1820. Ni yeye aliyeivusha Lippe wakati Napoleon alipokuwa akifuta nchi ndogo za Ujerumani kwa kalamu. Mwaka 1807 aliiingiza nchi yake katika Shirikisho la Rhine, muungano wa nchi za Kijerumani chini ya Napoleon, akawa rafiki wa Wafaransa kwa kulazimika na kwa hesabu, na Lippe ikasalimika wakati majirani wakubwa zaidi walimezwa. Huyohuyo alifungua Detmold nyumba ya kulelea watoto wa akina mama wanaokwenda vibaruani, mwaka 1802, miongoni mwa za kwanza Ujerumani, na akafuta utumwa wa mashamba kwa amri ya mwisho wa 1808. Alitaka pia katiba, mabwana wa ardhi wakamzuia. Namtaja kwa sababu mbili. Kwanza, bila yeye kusingekuwa na kiti cha kugombania 1895. Pili, ndoa ya Modeste ya mwaka 1803 ilifungwa zama hizohizo, wakati Ulaya yote ya makabaila inayumba na hakuna aliyekuwa na muda wa kupima damu ya bibi harusi wa tawi la pembeni.

Modeste alikuwa binti wa ofisa wa jeshi la Prussia. Von Unruh ni jina la kabaila, lakini kabaila wa daraja la chini: watu wenye "von" na shamba na upanga, wasio na nchi wala kiti. Mume wake, Graf Wilhelm Ernst wa Lippe-Biesterfeld, alikuwa wa daraja la juu. Sheria za familia za Ujerumani zilikuwa kali hapo: mwenye damu ya kutawala aoe mwenye damu ya kutawala. Akioa chini yake, ndoa ni halali kanisani, watoto ni halali, lakini hawarithi kiti. Kila ukoo, hata hivyo, ulikuwa na kanuni zake na desturi zake juu ya "chini" ni wapi, na Lippe haikuwa na maandishi ya wazi. Pengo hilo ndilo lililozaa kesi.

Watoto wa Modeste walibeba jina na cheo cha ukoo. Mwanawe Julius akamzaa Ernst, na huyu Ernst, aliyezaliwa 1842, ndiye aliyekuwa mkuu wa tawi la Biesterfeld Woldemar alipofariki. Alikuwa mtu mzima wa miaka 52, mwenye watoto, na aliamini kwamba ukaimu ni haki yake.

Kumbe Woldemar alikuwa ameacha kitu. Mwaka 1890 alikuwa ameandika amri ya siri: baada yake, kaimu awe Adolf wa Schaumburg-Lippe. Amri ikatolewa baada ya kifo chake. Bunge halikuwa limeulizwa. Na Adolf hakuwa Adolf tu. Mwaka uleule wa 1890 alikuwa amemuoa Viktoria, dada wa Kaizari. Huyu Viktoria alikuwa amewahi kumpenda Alexander wa Battenberg, mtawala wa Bulgaria, na Kansela Bismarck akaivunja posa hiyo kwa sababu za siasa. Adolf alikuja baadaye, bila nchi ya kutawala, kwa kuwa Bückeburg ilikuwa ya kaka yake. Detmold ingewapa wote wawili kiti.

Hapa wengi wanaoisimulia kesi hii huona njama ya Kaizari tangu mwanzo. Mimi sioni haja ya kwenda mbali hivyo. Inatosha kwamba ndugu alitaka dada yake akae vizuri, na kwamba ndugu huyo alikuwa mtu aliyezoea kuona matakwa yake na sheria kuwa kitu kimoja.

Bunge la Lippe lilifanya jambo la busara. Halikuipigia magoti amri ya siri, wala halikuichana. Lilimkubali Adolf akae kwa muda, kwa sharti kwamba suala la haki liamuliwe na chombo cha haki. Pande zote zikakubaliana na baraza la usuluhishi: Mfalme Albert wa Saxony awe mwenyekiti, pamoja na majaji 6 wa Mahakama Kuu ya Dola iliyoko Leipzig. Nasisitiza hatua hii kwa sababu ndiyo iliyoamua yote yaliyofuata. Mara tu Bückeburg ilipokubali kwamba majaji ndio waseme, ilikuwa imeingia kwenye uwanja ambao shemeji wa Berlin hakuwa na mchezaji ndani yake.

Hoja za Bückeburg zilikuwa mbili, moja nyuma ya nyingine. Ya kwanza: Modeste, hata kama ni wa ukoo wa von Unruh wa kweli, ni kabaila wa chini, na kwa hiyo kizazi chake chote hakina haki. Ya pili, iliyouma zaidi: huenda hata si wa ukoo huo wa kale, na ukabaila wa baba yake ni wa kutiliwa shaka. Maprofesa wa sheria wakaandika maoni kwa pande zote mbili. Vitabu vya kanisa vikafunuliwa, hati za karne zilizopita zikatolewa masandukuni. Bibi wa watu aliyefariki zamani akapimwa damu yake kurasa kwa kurasa.

Sasa kuna jambo ambalo kwangu ndilo utamu wa kesi nzima. Mwaka 1787, mtawala wa Schaumburg-Lippe, Philipp Ernst, alifariki na kuacha mtoto mdogo, Georg Wilhelm. Jirani mkubwa, mtawala wa Hesse-Kassel, akaingiza majeshi na kuiteka nchi hiyo ndogo. Kisingizio chake? Kwamba mama yake Philipp Ernst, Elisabeth von Friesenhausen, aliyeolewa 1722, alikuwa kabaila wa chini, na kwa hiyo kizazi chake hakiwezi kurithi. Ngome ya Wilhelmstein, iliyojengwa katikati ya ziwa, haikutekwa. Mahakama ya dola ya zamani, huko Vienna, ikaamuru Hesse iondoke, majirani wengine wakashinikiza, na majeshi yakarudi nyuma. Georg Wilhelm akakua, akatawala, akazaa. Adolf, shemeji wa Kaizari, alikuwa mjukuu wake. Kwa maneno mengine, mtu aliyekuja Detmold kudai kwamba bibi wa daraja la chini anafuta haki ya kizazi chake, yeye mwenyewe alikuwa kilembwe wa bibi wa daraja lilelile, na ukoo wake ulikuwa na kiti kwa sababu mahakama ilikataa hoja hiyohiyo miaka 110 kabla. Sijui Adolf alilala vipi usiku. Pengine alilala vizuri tu, watu wa namna ile hawasumbuliwi na mambo kama hayo.

Tarehe 22 Juni 1897 usuluhishi ukatoa uamuzi: Graf Ernst wa Lippe-Biesterfeld ndiye mwenye haki ya kurithi baada ya Alexander. Ndoa ya 1803 ilikuwa halali kwa kipimo cha ukoo wa Lippe. Adolf na Viktoria wakafunga virago, na Ernst akaingia Detmold kama kaimu mwezi Julai. Kaizari akamwandikia shemeji yake simu ya maandishi ya kumsifu, akisema Detmold haitapata tena bwana na bibi bora na wa kustahili kuliko wao. Simu hiyo ilikuwa kofi kwa kaimu mpya, na ilijulikana.

Kisha likaja suala la saluti, dogo mpaka la kuchekesha. Tangu 1867 Lippe ilikuwa imekabidhi jeshi lake kwa Prussia kwa mkataba. Askari waliokaa Detmold walikuwa chini ya jenerali wa Prussia. Ernst alitaka watoto wake wapigiwe saluti kama watoto wa nyumba ya mtawala. Jenerali akakataa. Mwaka 1898 Ernst akamwandikia Kaizari barua ya malalamiko, kwa heshima lakini kama mtu anayejua haki yake. Jibu likaja kwa simu ya maandishi, fupi: amri ya jenerali imetolewa kwa idhini yangu, kaimu apewe kinachomstahili kaimu, hakuna zaidi, na namna uliyoona inafaa kuniandikia, naipiga marufuku mara moja na kwa daima.

Ernst angeweza kunyamaza. Watawala wadogo wengi walikuwa wamezoea kunyamaza. Yeye akawaandikia watawala wenzake wa Ujerumani kuwaeleza alivyotendewa, na habari ikafika magazetini. Hapo ndipo kesi ya Modeste ilipogeuka kuwa kesi ya Kaizari.

Kwa nini saluti ya watoto iliwasha moto? Kwa sababu Wilhelm hakuwa Kaizari wa Ujerumani kwa maana ya kuimiliki. Katiba ya 1871 ilimpa cheo cha Kaizari wa Kijerumani, mkuu wa shirikisho la wafalme na wana-wafalme ambao kila mmoja ni bwana kwake. Miaka miwili tu kabla, mwaka 1896, kwenye sherehe za kutawazwa kwa Tsar Nicholas II huko Moscow, Mwana-mfalme Ludwig wa Bavaria alichukizwa msemaji mmoja alipowataja watawala wa Kijerumani kama msafara wa Heinrich, ndugu wa Kaizari. Akasema hadharani kwamba wao si vibaraka wa Kaizari bali washirika wake. Kidonda kilikuwa bado kibichi. Bavaria, Saxony, Württemberg hawakuwa na mapenzi yoyote maalumu kwa Ernst wa Biesterfeld. Waliona tu kwamba akikanyagwa huyu leo kwa simu ya mistari mitatu, kesho simu itakuja Munich.

Serikali ya Bückeburg ikapeleka suala kwenye Baraza la Shirikisho, ikitumia kifungu cha 76 cha katiba kinachohusu ugomvi kati ya nchi wanachama. Lengo lilikuwa kuwawekea watoto wa Ernst pingamizi: hata kama baba anakubalika, wao je? Tarehe 5 Januari 1899 Baraza likatoa jibu la kidiplomasia kabisa: lina mamlaka ya kuamua, ila kwa sasa hakuna haja ya kuamua. Huwezi kulaumu jibu hilo wala kulisifu. Liliahirisha ugomvi hadi mtu atakapokufa.

Aliyekufa kwanza alikuwa Ernst, tarehe 26 Septemba 1904. Mwanawe Leopold, mwenye miaka 33, akatangaza kwamba ameshika ukaimu na kumjulisha Kaizari. Wilhelm alikuwa Rominten, kwenye nyumba yake ya kuwindia Prussia Mashariki. Akajibu kwa simu: pole kwa msiba wa baba, kwa kuwa hali ya kisheria haijawa wazi, siutambui ukaimu wako, na jeshi sitaliapisha.

Fikiria uzito wake. Baba hajazikwa, na askari walioko mjini wanazuiwa kuapa kwa serikali ya mji. Magazeti yakawaka, na safari hii hata wale wasiojali makabaila waliuliza swali moja: Kaizari ana ruhusa gani kikatiba kutambua au kutotambua kaimu wa Lippe? Hana. Katiba haikumpa. Kansela Bülow, mtu mjanja wa maneno, akalazimika kuituliza Detmold kwa kueleza kwamba simu haikukusudia kuingilia haki za nchi hiyo. Ilikuwa kazi yake ya kawaida zama zile, kupita nyuma ya bwana wake akifuta.

Mwisho wa mwaka pande mbili zikakubaliana kurudi kwa majaji, Leopold akiendelea na ukaimu mpaka hukumu. Tarehe 13 Januari 1905 Alexander akafariki hospitalini, baada ya kuwa mtawala kwa miaka karibu 10 bila kutawala hata siku moja. Ukaimu ukawa hauna tena maana yake ya zamani. Sasa lilikuwa suala la kiti chenyewe.

Safari hii hoja haikuwa Modeste peke yake. Mke wa Ernst, Karoline von Wartensleben, alikuwa binti wa Graf, lakini mama yake, Mathilde Halbach, hakuwa wa ukabaila. Bückeburg ikadai kwamba hata kama bibi amepita, mama hapiti. Majaji wa Leipzig wakakaa, wakasoma, na tarehe 25 Oktoba 1905 wakaamua: ndoa ilikuwa ya kufu, Leopold na ndugu zake wana haki. Akawa Leopold IV, mtawala wa Lippe.

Wilhelm alikubali. Hakuwa na la kufanya. Na ni vizuri kukumbuka kwamba mwezi huohuo wa Oktoba 1905 majeshi ya Kaizari huyuhuyu yalikuwa kusini mwa Tanzania ya leo, yakizima vita vya Maji Maji kwa risasi na kwa kuchoma mashamba na maghala. Watu wa Matumbi na Ungoni hawakuwa na Leipzig ya kukimbilia wala kura hata moja Berlin. Sheria iliyomfunga mikono Detmold haikuvuka bahari.

Kwa nini alishindwa Detmold? Jibu la haraka ni kwamba haki ilishinda, na mimi sikubaliani nalo moja kwa moja. Kwa kipimo kikali cha makabaila wa Ulaya, hoja ya Bückeburg haikuwa ya kipuuzi. Mabinti wa maofisa hawakuwa wakihesabiwa sawa na mabinti wa watawala, na korti isiyo na urafiki ingeweza kuamua kinyume. Kilichoiokoa Biesterfeld ni kwamba Lippe haikuwa na kanuni iliyoandikwa, na majaji, mahali pasipo na maandishi, wakaangalia ukoo huo ulikuwa ukifanya nini kwa vitendo. Desturi ikasema zaidi ya nadharia.

La pili ni Kaizari mwenyewe. Angekaa kimya, huu ungebaki ugomvi wa mawakili juu ya vitabu vya kanisa, jambo la kusinzia. Simu zake tatu, ya kumsifu Adolf, ya saluti na ya Rominten, ndizo zilizoifanya Ujerumani nzima isimame upande wa familia ambayo watu wengi hawakuwahi kuisikia. Wakulima na wafyatua matofali wa Lippe hawakuwa na sababu kubwa ya kumpenda Graf mmoja kuliko mwingine. Walipewa sababu na Berlin.

Ukoo ulioshinda haukukaa na ushindi wake muda mrefu. Tarehe 12 Novemba 1918 Leopold IV alijiuzulu, kama wenzake wote. Lippe ikawa jamhuri ndani ya Ujerumani, na Januari 1933 uchaguzi wake mdogo ukapata umaarufu wa aibu: Hitler na wenzake walihamia huko kwa kampeni, wakapata karibu asilimia 40 ya kura, wakautangaza kama ushahidi kwamba chama kimefufuka. Wiki mbili baadaye alikuwa kansela. Ernst, mwana mkubwa wa Leopold, alikuwa ameshajiunga na chama hicho miaka kadhaa kabla. Mwaka 1947 Lippe iliunganishwa na jimbo la Nordrhein-Westfalen, na waridi, alama yake, likaingia kwenye nembo ya jimbo. Wapinzani wa zamani nao hawakufika mbali. Adolf alifariki 1916. Viktoria, akiwa na zaidi ya miaka 60, aliolewa 1927 na kijana wa Kirusi aliyeimaliza mali yake, akafa 1929. Nyumba yao ya Bonn, Palais Schaumburg, ikaja kuwa ofisi ya makansela wa Ujerumani Magharibi.

Lakini kuna tukio moja ambalo wasimulizi huliweka tanbihi, nami ningeliweka katikati. Mwaka 1909 mdogo wake Leopold, Bernhard, alimuoa Armgard von Cramm. Von Cramm ni kabaila wa daraja la chini, kama von Unruh. Na Leopold, mtu ambaye baba yake na yeye mwenyewe waliburutwa miaka 10 kwa sababu ya bibi wa daraja hilohilo, aliihesabu ndoa ya ndugu yake kuwa si ya kufu. Armgard na watoto wake wakapewa cheo kidogo, cha Biesterfeld, nje ya mstari wa kurithi. Aliyekuwa amepimwa kwa rula ile, aliipokea akaitumia. Mwaka 1916, vita vikiendelea, alibadilika na kuwapandisha kuwa wana-wafalme wa Lippe-Biesterfeld.

Mkubwa wa watoto hao alizaliwa Jena mwaka 1911, mji uleule ambako Bi Salme wa Zanzibar, Emily Ruete, alifia mwaka 1924. Naye aliitwa Bernhard kama baba yake. Januari 1937 alimuoa Juliana, mrithi wa kiti cha Uholanzi. Alikuwa amewahi kuwa mwanachama wa chama cha Nazi, jambo alilolikana hadi mwisho wa maisha yake na ambalo kadi yake ya uanachama ilikuja kulithibitisha hadharani 2023. Wakati wa vita alikuwa upande wa Uholanzi dhidi ya Ujerumani. Na 1976 alivuliwa nyadhifa zake kwa kashfa ya fedha za kampuni ya ndege ya Lockheed. Mabinti zake wanne, Malkia Beatrix wa zamani akiwamo, walipata cheo cha binti-mfalme wa Lippe-Biesterfeld. Kimetoka kwenye ile hati ya 1916, iliyosainiwa na Leopold peke yake, bila jaji wala profesa yeyote kuulizwa juu ya bibi wa mtu.